Albamu ya rap ikitolewa upya na nyongeza: angalia kwanza diski ya pili imetoka wapi

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kuna kijana aliniandikia pembeni juzi. Anayo Illmatic ya Nas, anaijua mpaka pale rapa anapovuta pumzi, na sasa amekutana na toleo la maadhimisho lenye diski mbili. Anauliza: anunue au atakuwa amenunua kitu kilekile mara ya pili? Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimeandika kurasa. Nimeona niyalete hapa tuyajadili wote, maana swali hili halimhusu yeye peke yake.

Msimamo wangu nautanguliza. Toleo lenye nyongeza lina thamani kama zile nyongeza zilizaliwa pamoja na albamu: chumba kilekile, miezi ileile, watu walewale, sauti ya msanii ikiwa bado ya umri uleule. Kama ni kazi iliyopikwa miaka kumi baadaye na mtu ambaye hakuwepo, hata awe fundi namna gani, hiyo ni kazi nyingine iliyobandikwa jina la zamani. Wingi wa nyimbo usikutishe wala usikuvute.

Bahati nzuri Illmatic yenyewe inatupa mfano safi kuliko wote ninaoujua, kwa sababu imepanuliwa mara mbili, 2004 na 2014, na diski ya pili ya kila toleo ni ya aina tofauti kabisa.

Kwanza tukumbushane albamu yenyewe. Ilitoka 19 Aprili 1994, nyimbo 10 ukihesabu na utangulizi, hazifiki dakika 40. Nas alikuwa na miaka 20. Biti, yaani muziki ulio chini ya sauti ya rapa, zimetoka kwa DJ Premier, Large Professor, Pete Rock, Q-Tip na L.E.S. Ni albamu isiyo na mahali pa kuruka. Ukitaka kuiongezea kitu, unaongeza kwenye chungu ambacho tayari kimekolea chumvi.

Toleo la 2004, la miaka 10, liliongeza diski yenye nyimbo sita. Nne ni remiksi: Rockwilder kaibadilishia biti "Life's a Bitch", Vibesmen wameishika "The World Is Yours", Nick Fury kachukua "One Love" na "It Ain't Hard to Tell". Juu yake kuna "On the Real" ya Marley Marl na "Star Wars" ya Large Professor. Mimi hizo remiksi nne nilizisikiliza wiki ya kwanza, nikaziacha. Si kwamba maprodyuza wale hawajui kazi. Shida ni kwamba biti ni za 2004 na sauti iliyo juu yake ni ya kijana wa 1993 aliyekuwa akiisikia biti nyingine kabisa kwenye hedifoni zake wakati anarekodi. Mistari ya "The World Is Yours" ilipangwa kwa kufuata kinanda cha Ahmad Jamal alichokisampo Pete Rock, yaani alichokikata kwenye rekodi ya zamani na kukijengea biti. Ukiondoa kinanda kile, Nas anabaki kama mtu anayejibu swali ambalo halijaulizwa. Na "Life's a Bitch" ndiyo kabisa: kwangu wimbo ule unaisha pale tarumbeta ya Olu Dara, baba mzazi wa Nas, inapoingia na kuondoka nao taratibu. Hauwezi kuhamishiwa nyumba nyingine ukabaki wimbo uleule.

Toleo la 2014, Illmatic XX, ni habari nyingine. Diski ya pili ina nyimbo kumi na imeanza na demo, yaani rekodi ya majaribio, "I'm a Villain". Hapo unamsikia Nas kabla hajawa Nas wa albamu: anakimbia, anataka umsikie, maneno yanasukumana mlangoni. Kinachofuata ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa miaka: rekodi ya kipindi cha Stretch Armstrong na Bobbito kwenye redio ya WKCR, kituo cha Chuo Kikuu cha Columbia, ya tarehe 28 Oktoba 1993. Ni miezi sita kasoro kabla albamu haijatoka. Watu wanapokezana maikrofoni, sauti ni ya redio na si ya studio, na unamsikia jamaa akiwa na washikaji zake, mtaani kwake kumemjaa kichwani, akiitoa mistari kwa ajili ya waliomo chumbani tu. Hakuna remiksi ya miaka kumi baadaye itakayokupa hicho.

Zilizobaki ni remiksi, ndiyo, lakini ni za zama zilezile: "The World Is Yours" ya Q-Tip, "One Love" ya LG, "Life's a Bitch" ya Arsenal na nyingine, aina ya vitu vilivyokuwa kwenye santuri za singo, za wimbo mmoja mmoja, na vilivyowafikia zaidi madijei. Q-Tip hakuwa mgeni pale, yeye ndiye aliyeitengeneza "One Love" ya albamu, ile yenye mlio wa mbira kutoka kwa Heath Brothers. Kwa hiyo akiugusa wimbo wa jirani yake Pete Rock unasikia mazungumzo ya watu wawili waliokuwa kwenye kazi moja.

Kwa hiyo kwa kijana wangu: ya 2014 chukua. Ya 2004 isikilize bure kwanza, uamue mwenyewe.

Karibuni. Wenye matoleo mengine leteni uzoefu.

#2 · Mchangiaji

Mkuu umeandika kitu kizito. Naweka kambi hapa.

#3 · Mchangiaji

Kaka, nakuelewa, lakini zama zimebadilika. Hizo diski mbili zote zipo kwenye mitandao ya kusikilizia muziki. Mtu analipa kwa mwezi, anapata albamu na nyongeza zake zote. Kwa nini anunue? Mimi naona swali la "ninunue" ni la watu wa kaseti.

#4 · Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito kwa albamu nyingi, na mimi mwenyewe husikiliza huko kwanza kabla sijatoa hela. Nisingemshauri mtu afanye vinginevyo.

Lakini kumbuka kilichowapata De La Soul, kundi la rap la watu watatu. 3 Feet High and Rising ni ya 1989. Imejaa sampuli kila kona, na mikataba ya sampuli zile iliandikwa kabla mtu yeyote hajawaza kuuza muziki kwa intaneti. Matokeo yake, albamu zao za mwanzo hazikuonekana kwenye mitandao hiyo mpaka 3 Machi 2023. Miaka 34! Kizazi kizima kilikua kinasikia sifa tu. Trugoy, mmoja wa wale watatu, alifariki 12 Februari mwaka huohuo, wiki tatu hazijatimia kabla ya siku waliyoipigania. Hilo jambo kila nikilikumbuka linaniuma. Katika miaka yote ile, aliyekuwa na CD au santuri ndani ndiye aliyekuwa na albamu.

Ulicholipia kwa mwezi umekopeshwa, na mwenye nacho anaweza kukibadilisha ukiwa umelala. Kuna mfano mkubwa zaidi wa hilo, nadhani mtu hapa atauleta.

#5 · Mchangiaji

Nauleta mimi. Ready to Die ya The Notorious B.I.G.

Albamu ilitoka Septemba 1994. Mwaka 2004 ikatolewa upya, sauti imemastiwa upya, ikaongezwa "Who Shot Ya?" na "Just Playing". Toleo zuri tu. Halafu Machi 2006 jopo la mahakama huko Nashville likaamua kwamba albamu ilitumia sampuli bila ruhusa, walioshtaki wakiwa kampuni za Bridgeport Music na Westbound Records. Wakapewa dola milioni 4.2 na jaji akasimamisha mauzo ya albamu papo hapo. Rufaa baadaye ilisema fidia ya adhabu imezidi kiasi, ila hatia ilibaki palepale.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Nakala zilizotoka baada ya kesi hazina tena sampuli zilizolalamikiwa. Wimbo uliobeba jina la albamu, ule uliokuwa na kipande cha kundi la Ohio Players, umebadilika. "Machine Gun Funk" na "Gimme the Loot" nazo zilikuwemo kwenye kesi. Mtu aliyezaliwa juzi akiisikiliza leo mtandaoni anadhani hiyo ndiyo Ready to Die. Siyo. Amepewa nyumba iliyotolewa matofali.

Kwa hiyo mimi naongezea sharti kwenye hoja ya mleta uzi: kabla hujahesabu kilichoongezwa, hesabu kilichopunguzwa.

#6 · Mleta uzi

Mkuu wa #5, hilo sharti naliweka juu kabisa, juu hata ya lile langu. Umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema.

Na linafanyika kimya. Kwenye kava hawaandiki "sampuli tatu zimeondolewa". Wanaandika "nyimbo mbili za ziada". Namna ya kulijua ni kuweka nakala mbili pamoja na kusikiliza, au kuuliza mwenye ya zamani. Ndiyo maana nyuzi kama hizi zina kazi.

#7 · Mchangiaji

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo ya sauti. Kila toleo jipya wanaandika limemastiwa upya. Maana yake nini hasa, na je, inatosha kuwa sababu ya kununua?

#8 · Mleta uzi

Swali zuri sana, na hapa nitakaa kidogo.

Kurekodi ni hatua moja, kuchanganya sauti ni ya pili, pale fundi anapoamua besi iwe wapi na sauti ya rapa iwe juu kiasi gani. Kumasta ni ya mwisho: kuchukua wimbo uliokwisha kuchanganywa na kuuandaa kwa ajili ya CD, santuri au mtandao, zote zikae kwa uwiano. Kumasta upya ni kurudia hatua hiyo ya mwisho tu. Haimfanyi Nas arekodi tena, wala haisogezi kinanda.

Ikifanywa kwa adabu, kutoka kwenye kanda za asili, unasikia vitu vilivyokuwa vimefichwa na ukungu. People's Instinctive Travels ya A Tribe Called Quest, kundi la Q-Tip, ile ya maadhimisho ya miaka 25 iliyotoka 2015, ilimastiwa na Bob Power, fundi aliyekuwa nao studio tangu enzi zile. Huyo anajua ngoma ilipigwaje kwa sababu alikuwepo. Sheria ileile ya chumba kilekile!

Ikifanywa vibaya ni kuongeza kelele. Niwaelezee nilichokiona kwa macho yangu. Kuna albamu moja ya katikati ya miaka ya 90 niliyoinunua mara ya pili kwa sababu tu ya maneno hayo kwenye kava. Nilipoiweka mara ya kwanza nilifurahi, ilikuwa na nguvu. Kufika wimbo wa nne nikawa nimechoka masikio, sikuelewa kwa nini. Jioni nikachukua CD ya zamani na mpya, nikaingiza wimbo mmoja wa kila moja kwenye kompyuta na kufungua programu inayoonyesha umbo la sauti. Wa zamani ulikuwa na vilima na mabonde: kila snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inapopigwa kuna ncha imesimama peke yake, halafu sauti inashuka, inapumua, inapanda tena. Mpya ulikuwa tofali. Juu umenyooka kama umepigwa rula, chini vivyo hivyo. Nikapunguza sauti ya mpya mpaka zikalingana sikioni. Ile nguvu yote ikayeyuka. Snea iliyokuwa ikinipiga kifuani ikawa kama mtu anagonga boksi la karatasi.

Sababu yake ni rahisi. Sauti ya dijitali ina dari, haiwezi kupita hapo. Ukitaka wimbo wote uwe na kelele zaidi, unapandisha yaliyo chini na kuzibana zile ncha zilizokuwa karibu na dari. Kinachobanwa ni mapigo ya ngoma, na rap ikinyang'anywa mapigo ya ngoma inabaki na nini? Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba siku hizi mitandao mikubwa ya muziki inasawazisha sauti yenyewe, wimbo wenye kelele unashushwa. Kwa hiyo ule ubanaji hauleti faida yoyote, hasara tu imebaki.

Jibu langu kwako: maneno "imemastiwa upya" peke yake hayatoshi. Ukiona jina la fundi na maelezo kwamba wametumia kanda za asili, una pa kuanzia. Usipoona jina, sikiliza kwanza.

#9 · Mchangiaji

Niongezee upande wa santuri maana ndiko niliko. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika unabeba vizuri dakika 20 hivi. Unaweza kulazimisha zaidi, ila mifereji inabidi ibanane, na besi ndiyo inayotaka mfereji mpana. Ukibananisha, lazima upunguze besi au upunguze sauti yote.

Albamu fupi kama Illmatic inakaa kwenye santuri moja bila taabu. Shida ni zile ndefu za zama za CD, za dakika 65 na 70, zilizowahi kusukumiwa pande chache. Toleo jipya likizigawa kwenye santuri mbili au tatu, hapo hata bila wimbo mmoja wa nyongeza mimi nanunua, kwa sababu besi imerudishiwa nafasi yake. Na kinyume chake: mkiona wameongeza nyimbo tano lakini idadi ya santuri haijabadilika, kimbieni.

Uzito wa gramu 180 msiupe kipaumbele. Santuri nzito inakaa imara mkononi, lakini kama kilichochongwa humo kilitoka kwenye masta mbaya, uzito hausaidii.

#10 · Mchangiaji

Mimi sikubaliani na mleta uzi kuhusu remiksi za baadaye, na naomba anisikilize.

Hiyo hiyo ya Tribe ya 2015 uliyoisifia ina remiksi za Pharrell, J. Cole na CeeLo Green. Kwa sheria yako hizo ni za kutupwa. Lakini mimi nilikuwa shabiki wa J. Cole. Niliona jina lake kwenye "Can I Kick It?" nikaingia kusikiliza. Sikujua chochote kuhusu Tribe. Kutoka pale nilirudi kwenye albamu ya asili, nikaenda albamu zao nyingine, The Low End Theory, nikaenda Midnight Marauders, sijatoka mpaka leo. Bila remiksi ile nisingefika. Sasa utaniambia haina thamani?

#11 · Mleta uzi

Dada au kaka, umenigusa, na siwezi kukujibu kirahisi.

Naomba nitenganishe mambo mawili. Remiksi ya J. Cole ilikufungulia mlango, na mlango ule una thamani kubwa, naifuta kauli ya kwamba kazi za namna hiyo ni za kuachwa. Kama ni kwa msikilizaji mpya, zina kazi yake. Ila jiulize: leo hii, ukiitaka Tribe, unaweka ile remiksi au unaweka ya asili? Mimi nilikuwa namjibu mtu ambaye tayari yumo ndani ya nyumba na anauliza kama anunue mlango mwingine. Kwake yeye bado nasema aangalie kilichomo stoo: demo, redio, vesi zilizokatwa, singo za wakati ule.

Lakini asante. Nilipoandika #1 sikumfikiria msikilizaji wa aina yako, na nilipaswa.

#12 · Mchangiaji wa #10

Siku hizi naweka ya asili, hilo kweli. Remiksi sijaigusa muda mrefu. Nimekuelewa, kaka.

#13 · Mchangiaji

Hamjagusa biti tupu. Mimi huandika mistari, na kwangu toleo lenye biti bila sauti ni dhahabu. Liquid Swords ya GZA, ya Novemba 1995, ilitolewa upya 2012 na kampuni ya Get On Down ikiwa na diski nzima ya biti tupu, ndani ya kasha lenye chesi ndogo kwa sababu kava lake ni lile pambano juu ya ubao wa chesi. Chesi ni pambo. Diski ya biti ndiyo iliyonifundisha.

Biti zote za albamu ile ni za RZA isipokuwa ya mwisho, "B.I.B.L.E.", iliyotengenezwa na 4th Disciple. GZA akiwa juu yake unamfuata GZA, huwezi kumwacha, ni mtu anayesema maneno machache na kila moja lina makali. Akiondoka ndipo unamsikia RZA alivyofanya. Kuna mahali sauti inayumba kidogo, hailingani na ngoma, na ndiyo inayotia hofu. Kuna nafasi tupu ambazo nilidhani zimejaa. Nilikaa na wimbo mmoja jioni nzima nikihesabu mapigo kwa vidole mezani, nikagundua GZA anaanza sentensi nyuma ya pale nilipokuwa nadhani anaanza. Nimeisikiliza albamu hiyo miaka chungu nzima na sikuwahi kulijua hilo.

#14 · Mleta uzi

Fundi, hapo umenipa somo. Biti tupu nilikuwa naziona kama ujazo wa diski. Lakini kwa kweli zinaingia kwenye sharti langu kwa miguu miwili: zilikuwemo chumbani, ndizo zilizokuwa chumbani kabla ya rapa kuingia.

Nitazirudia kwa kuhesabu kama ulivyofanya.

#15 · Mchangiaji

Na demo za albamu nzima je? Nawaza Madvillainy, ya rapa MF DOOM na prodyuza Madlib, 2004. Zile demo zilivuja intaneti kabla ya albamu kutoka. Kuna wanaozipenda kuliko albamu.

#16 · Mleta uzi

Naam, hiyo ni kesi ya peke yake na ningeweza kuifungulia uzi wake.

Kwa kawaida demo ni rasimu: unasikiliza mara mbili, unashukuru, unarudi kwenye kazi iliyokamilika. Madvillainy siyo hivyo. Baada ya demo kuvuja, DOOM alirekodi upya, na alichobadilisha zaidi ni namna ya kutamka. Kwenye demo ana pumzi, anasukuma, sauti iko juu. Kwenye albamu ameshuka, ametulia, kama mtu anayekueleza siri akiwa amekaa kitini. Maneno kwa sehemu kubwa ni yaleyale. Biti ni zilezile. Ukiweka wimbo mmoja wa huku na huku unasikia kwa masikio yako jinsi uamuzi mmoja wa msanii, sauti iwe juu au chini, unavyobadilisha albamu nzima.

Mimi nipo upande wa albamu. Ile sauti ya chini ndiyo inayofanya nyimbo 22 fupifupi, nyingi hazina hata kiitikio, zishikamane kama kitu kimoja. Lakini anayependa demo namwelewa kabisa, anampenda DOOM mwenye njaa. Kwa toleo la namna hiyo sina swali, nanunua kabla sijasoma kava. Tulimpoteza mtu huyu Oktoba 2020, na hakuna tena sauti mpya itakayotoka chumbani. Kilichobaki ni hicho.

#17 · Mchangiaji

Swali la haraka: nyimbo za nyongeza ziwekwe mwishoni mwa albamu au kwenye diski yake?

#18 · Mleta uzi

Diski yake, bila mjadala. Albamu ina mwisho wake, na mwisho ni sehemu ya kazi. Illmatic inafungwa na "It Ain't Hard to Tell", ile sampuli ya "Human Nature" ya Michael Jackson inafifia na wewe unabaki umekaa. Ukimletea mtu demo sekunde mbili baadaye umemwamsha kwa maji baridi. Waliotenganisha diski wamemheshimu msikilizaji.

#19 · Mchangiaji

Wakuu, mimi ndiye yule kijana aliyemwandikia mleta uzi pembeni. Nimesoma kila mchango. Nilifanya alivyoniambia, nikasikiliza kwanza mtandaoni kabla ya kutoa hela.

Nilianza na ile ya redio, WKCR. Nikaweka hedifoni, nikazima taa. Mwanzoni nilisumbuka kwa sababu sauti ni chafu na sikujua nani anachana. Nikairudia. Mara ya tatu ndipo nikamtambua Nas, na niseme ukweli mwili ulinisisimka, kwa sababu sauti ni ileile ninayoijua lakini hapa hajui kitakachokuja. Bado miezi sita. Hajui kama kuna mtu ataisikiliza albamu yake miaka 20 baadaye, sembuse mimi.

Baada ya hapo nikaweka albamu tangu mwanzo. Nilikuwa nadhani naijua. Nimesikia vitu kwenye "The Genesis" ambavyo sikuwahi kuvisikia: kuna treni, kuna watu wanaongea, na nyuma kabisa kuna mtu anachana kwa mbali, kama redio iliyo chumba cha pili. Nilikuwa nairuka kila siku kwa sababu si wimbo.

Illmatic XX nimeichukua, diski zote mbili. Ile ya 2004 nimesikiliza, nimeiacha, ila "Star Wars" nimeipenda. Shikamoo mkuu, na asante.

#20 · Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Na mimi "Star Wars" ndiyo pekee ninayoirudia kwenye diski ile. Imetoka kwa Large Professor, aliyekuwepo tangu mwanzo.

Huyo mtu anayechana kwa mbali kwenye "The Genesis" ni Nas mwenyewe. Ni vesi yake kwenye "Live at the Barbeque" ya Main Source, kundi la huyohuyo Large Professor, kwenye albamu yao ya Breaking Atoms ya 1991. Alikuwa hajatimiza miaka 18. Itafute leo usiku, usikilize vesi ile ya kwanza ikiwa karibu, halafu urudi kwenye "The Genesis" uisikie ikiwa mbali.